Sifa 40 za nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Tanga. Nimetengeneza kwenye NetLogo, programu ya kuiga jamii kwa kompyuta, kijiji cha kubuni cha wavuvi wa pweza, kwa mfano wa Kigombe, nione watafanyaje mwamba ukifungwa miezi mitatu. Kila mvuvi ana sifa 17: umri, elimu, deni na kadhalika. Grafu inalingana na daftari la dikoni, yaani rekodi za pweza wanaoshushwa pwani. Kuna mtaalamu anataka ada aniongezee sifa zifike 40, modeli iwe halisi zaidi. Nikubali?

Jibu: Marahaba. Usimpe hata shilingi.

Ukiwa na namba 17 za kupandisha na kushusha, grafu kulingana na daftari si ushahidi wa kitu. Ukiwa na 40 utailinganisha hata na mvua za Lushoto. Mwaka 1971 mwanauchumi Thomas Schelling alionyesha kwamba watu wanaoridhika theluthi tu ya majirani wakiwa wa aina yao huishia kwenye mitaa iliyogawanyika vibaya. Kanuni moja tu, na unaweza kuifuata kwa sarafu mezani badala ya watu, hatua kwa hatua ukaona mgawanyiko unatoka wapi. Wewe ukiulizwa kwa nini pweza wamepungua kijijini kwako, utaonyesha sifa ipi?

Kinachobeba modeli yako ni jambo ambalo hukulitaja kabisa: bamvua likifika na maji kukupwa sana, mvuvi anachaguaje mwamba? Anafuata wenzake, anarudi alikopata jana, au anakwenda anakotaka tajiri anayemdai? Hivyo ni vijiji vitatu tofauti, hata umri na elimu zisipoguswa. Angalia na zamu, yaani nani anaanza kuvua. Amri ya «ask» ya NetLogo huchanganya yenyewe zamu za mawakala, yaani wavuvi wako wa kubuni, lakini ukiwapitisha kwa orodha uliyoipanga, wa kwanza atakomba pweza wakubwa kila siku, nawe utaandika kwenye tasnifu kwamba umegundua matabaka.

Wauza uhalisia hawa wamenichosha. Wanaendesha modeli mara moja, wanachagua picha yenye rangi nzuri, wanaipeleka kwenye mkutano wa kijiji kama utabiri. Badilisha mbegu ya nasibu tu, yaani namba inayoanzishia bahati nasibu ya kompyuta, picha inageuka. Siku hizi wengine wanaiambia programu ya gumzo ijifanye mvuvi, halafu majibu yake wanayaita maoni ya wananchi! Mama anayechokoa pweza kwa mguu hajaulizwa neno, na mwamba utakaofungwa ni wake.

Basi futa sifa mojamoja. Ambayo ikiondoka matokeo hayatikisiki, isirudi. Rekebisha modeli kwa daftari la kaskazi peke yake, la kusi ulifungie mpaka mwisho ndipo ulipime nalo. Kila jaribio liendeshe mara mia kwa mbegu tofauti, na uripoti mtawanyiko wote, siyo wastani tu. Hiyo ada ipande nayo daladala ya Kigombe, ukawaulize wavuvi wanachaguaje mwamba.