Sanamu ya Brachiosaurus: ni wa Marekani au mjusi wa Tendaguru?

Ni wa kwetu, mkuu. Sanamu nyingi ndogo za dinosaria zilizopigwa jina Brachiosaurus tumboni zina umbo la yule mjusi wa Tendaguru, Lindi. Brachiosaurus wa Colorado alielezwa mwaka 1903 bila fuvu, wakati mifupa ya Tendaguru, iliyochimbwa 1909 hadi 1913, iliunganishwa ikasimama Berlin, kimo cha mita 13 na ushei. Wachongaji wakamfuata huyo kwa miaka mingi. Utafiti wa 2009 ulionyesha wazi kuwa ni jenasi mbili, yaani makundi mawili tofauti ya dinosaria, na wa Tendaguru sasa anaitwa Giraffatitan.

Mshike sanamu wako mkononi umtazame kama ana umbo la wa Tendaguru: tao la mfupa limeinuka juu ya pua, mabega yako juu kuliko nyonga na mgongo unateremka hadi mkiani. Lakini akiwa na kiwiliwili kirefu zaidi, huenda mchongaji alimkusudia yule wa Marekani kweli.

Ila usimfute jina la zamani wala kumpaka rangi upya. Mwache alivyo, andika kwenye kikaratasi cha kabatini: Giraffatitan, Tendaguru, Lindi. Wangu nimemweka hivyo, jirani na Kentrosaurus, dinosaria mwenye miiba, naye katoka Tendaguru hukohuko.