Choo cha boti kimechoka: utengeneze au ununue kipya?

Wenye boti wengi wanaonipigia simu kuhusu choo huwa wameshakata shauri: kimezeeka, wanataka kipya. Kazi yangu ni ufundi wa boti zinazotia nanga kwenye hori za Mtwapa na Kilifi, na jibu langu ni lile lile. Usinunue chochote mpaka ujue kama kinachougua ni pampu, mipira ya maji au koki, yaani ile valvu ya kufungia tundu la bahari kwenye mwili wa boti. Ni nadra vyote vitatu kufa pamoja, na choo kipya hakiponyi mipira wala koki.

Tuanze na harufu, maana ndiyo inayowapotezea watu pesa nyingi. Boti ikikaa wiki nzima bila kutumika, kisha ukapiga pampu mara ya kwanza ukapata harufu ya yai viza, choo hakina kosa. Ni maji ya bahari yaliyolala kwenye mpira wa kuvutia maji, na vijidudu vyake vimekufa vikaoza humo. Suuza choo kwa maji ya tangi kabla ya kuifunga boti na harufu hiyo itakwisha.

Lakini kama ni harufu ya choo hasa, lowesha kitambaa safi kwa maji ya moto, usugue nacho mpira wa kutolea uchafu, halafu toka nje ukinuse kitambaa chenyewe. Kikinuka, mpira umeshaanza kupitisha harufu mwilini mwake, na hakuna sabuni ya kuutibu. Badilisha mpira, choo kiache.

Mpini wa pampu kuwa mgumu nako huwadanganya watu. Mkojo ukichanganyika na maji ya chumvi huacha chokaa, na chokaa hiyo hujijenga ndani ya mpira pole pole. Nimewahi kukata mpira wa milimita 38 nikakuta tundu lililobaki halipitishi hata kidole gumba. Mwenye boti alikuwa ameshaagiza pampu mpya. Chokaa ikiwa bado changa, mimina siki nyeupe, piga pampu kidogo ifike mpirani, uiache ilale usiku kucha. Dawa kali za kuzibulia mabomba ya nyumbani usiziguse kabisa, zinakula raba.

Sasa pampu. Zile za mkono tulizozizoea, kama za Jabsco, zimejaa raba, na raba ndizo hufa kwanza. Maji yakichuruzika kwenye fito la mpini, sili ya juu imekwisha. Maji machafu yakirudi bakulini taratibu baada ya kupiga pampu, tazama ile raba ya njia ya kutokea, yenye mdomo kama wa bata. Ikiwa nzima, midomo yake hukutana. Iliyochoka huwa imekakamaa, ina ukoko mweupe, na ukiielekeza juani unaona mwanga katikati. Mpini ukienda mwepesi bila kuvuta maji, hakikisha kwanza koki iko wazi na hakuna hewa inayoingia kwenye viungo, kisha uangalie oringi, ile pete ya raba ya pistoni. Yote hayo ni kazi ya seti moja ya raba na grisi ya silikoni. Tengeneza.

Nunua pampu nzima pale silinda inapokuwa na mikwaruzo ndani inayokwama ukucha, au kitako kimepasuka, au skrubu hazishiki tena. Hata hapo bakuli la kauri libakize kama halina ufa. Choo kizima kipya kina maana pale vipuri vya modeli yako havitengenezwi tena, au bei ya seti pamoja na ushuru wa kuiagiza inapokaribia bei ya choo kamili.

Koki haina mjadala. Ikiwa ni ya shaba nyeupe na ukiikwaruza inaonyesha wekundu wa waridi, zinki imeshatoka na inaweza kuvunjikia mkononi chini ya mstari wa maji. Ipweleze boti wakati wa bamvua, uweke ya bronzi. Hakikisha pia mpira unapanda juu ya mstari wa maji na una valvu ya kuingiza hewa pale kileleni, la sivyo bahari itajivuta yenyewe mpaka bakulini, na boti zimezama kwa njia hiyo zikiwa zimetulia kwenye nanga.

Na ukishaamua kuvua mipira yote, weka tangi la uchafu siku hiyo hiyo. Kanuni za MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, kuhusu maji taka zinabana meli za safari za kimataifa za tani 400 kwenda juu, au zinazoruhusiwa kubeba zaidi ya watu 15, kwa hiyo boti zetu nyingi hazimo. Lakini horini humo watoto wanaogelea na wavuvi wanatega, na mimi sifungi tena choo kinachomwaga moja kwa moja mahali pa kutia nanga.