Mwanangu ana usonji, akiona mswaki anaziba mdomo

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 6, ana usonji. Akiona mswaki anaziba mdomo. Baba yake humshika mikono, mimi namsugua harakaharaka huku analia. Jirani anasema meno ya utoto yatang'oka tu, nimpe maji ya kusukutua. Kuna mama pia anauza matone ya usonji. Nifanyeje? – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza baba aache kumshika.

Karibu kila wiki naambiwa "ni mkaidi tu, atazoea." Hazoei! Anachojifunza ni kwamba mswaki ukitoka, watu wazima wawili wanamkamata. Watoto wengi wenye usonji, dawa ya meno yenye mnanaa huwawasha kama pilipili, povu linawakaba, na nywele za mswaki zinawakwaruza. Huo si ukaidi.

Anza na mswaki laini, mkavu, bila dawa. Kaa nyuma yake mbele ya kioo, kichwa chake kikiegemea kifua chako, mkono wako juu ya wake. Gusa mdomo, kisha jino moja. Hesabu kwa sauti hadi tano, halafu toa mswaki, hata kama siku hiyo ametulia na wewe unatamani kuendelea. Ukipitiliza hadi saba, kesho hatakuamini. Akishazoea tano, nenda kumi. Piga picha za mswaki wake, bomba na kikombe chake, zibandike ukutani kwa mpangilio. Kuna mtoto alinichukua wiki tatu kufika meno ya nyuma. Mama yake alidhani tunapoteza muda. Leo mtoto anaufuata mswaki mwenyewe.

Dawa ya meno iongezwe baadaye: yenye floraidi, isiyo na ladha kali, kiasi cha punje ya mchele mpaka ajue kutema. Wewe ndiye umalizie kusugua.

Jirani mwambie hivi: kwenye miaka 6 magego ya kwanza ya kudumu huota nyuma kabisa, na hakuna jino linalong'oka kuyapisha. Wazazi huyadhania ya utoto, yanaoza. Maji ya kusukutua nayo, mtoto asiyejua kutema atayameza. Na utando wa kwenye meno ni kama ukoko wa sufuria, kusuuza hakuutoi.

Matone sasa. Usonji si ugonjwa wa kutibiwa kwa kichupa, na hapa huwa sina subira. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya tena watu wasinywe matone yaliyouzwa huko kama tiba ya usonji na maradhi mengine: yakichanganywa na asidi kama ya ndimu hugeuka kemikali kali ya jamii ya jiki. Watu walitapika, wakaharisha vibaya. Cha huyo mama sijui kina nini, na nahisi hata yeye hajui. Muulize kimeandikwa nini kwenye lebo na kimesajiliwa wapi. Akianza kukusimulia mtoto wa fulani aliyepona, mrudishie chupa yake.