Minyororo ya tairi: maneno kwa vijana wanaokwenda kuendesha malori kwenye theluji

Hapa Wete hunijia barzani kijana mmoja mmoja akaniambia, "Mzee, mambo yangu ya safari yamekamilika, nakwenda kuendesha malori Marekani." Namuombea kheri, kisha namuuliza: ushawahi kushika mnyororo wa tairi? Wengi hudhani nasema ule wa kuvutia gari iliyokwama.

Si huo. Huu ni kama wavu wa chuma unaovishwa tairi. Una minyororo miwili mirefu, mmoja hukaa ubavu wa ndani na mmoja ubavu wa nje, na katikati yake vipande vifupi vinavyopita juu ya meno ya tairi. Theluji ikishakandamizwa na magari mengi huwa ngumu na laini juu, mpira hauna pa kushika. Vile vipande vifupi ndivyo vinavyoiuma.

Dereva wa Pemba anaujua utelezi. Aliyepandisha gari ya karafuu kwenye udongo mwekundu wakati wa masika, akatia makumbi na makuti chini ya tairi, akakanyaga mafuta kidogo kidogo, ana elimu ambayo kijana wa mjini hana. Huo mguu mwepesi uchukue uende nao. Lakini kuna tofauti ambayo lazima uijue mapema: tope hukuzuia, barafu hukuachia. Kwenye tope ukikosea unakwama hapo hapo, unaita watu wanakusukuma. Kwenye barafu ukikosea gari inaendelea kwenda, na tani zilizo nyuma yako zinakusukuma kuelekea usikotaka.

Mimi nilijifunza vibaya. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilikuwa napita barabara ya I-70 katika jimbo la Colorado. Sheria ya pale ni kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, lori la biashara linalopita baina ya Dotsero na Morrison sharti liwe limebeba minyororo, hata kama mbingu ni nyeupe na jua linawaka. Yangu nilikuwa nayo, imo ndani ya sanduku, sijawahi kuigusa. Kampuni iliyoniajiri ilinionyesha video, basi.

Jioni moja napandisha Vail Pass, mahali palipo juu zaidi ya nusu ya kimo cha Kilimanjaro. Kibao cha taa kimeandika kwamba malori yafunge minyororo. Nikaona wenzangu wameegesha kwenye uwanja wa pembeni uliotengwa kwa kazi hiyo, wameinama. Mimi nikatazama mbele, lami nyeusi, nikajiambia bado. Nikapita. Haukupita muda tairi za difu zikaanza kuzunguka bure, na lori likasimama katikati ya mwinamo, kiza kinaingia, magari yananipita ubavuni. Nikashuka kufunga pale pale pabaya. Vidole vilikufa ganzi hata nikawa sijui kama nimeshika chuma au sijashika. Tairi mbili za mwanzo nilizifunga kinyume. Dereva mmoja mtu mzima, ambaye jina lake sikulipata, alisimamisha gari yake mbele, akarudi kwa miguu, akanionyesha kwa mikono, maana Kiingereza changu na baridi ile havikuelewana. Namuombea dua mpaka leo.

Kwa hiyo shika hili kabla ya mengine yote: minyororo hufungwa chini ya mlima, wakati bado unajiona huihitaji. Ukingoja mpaka tairi zizunguke, mahali pazuri pa kuifungia umeshapaacha nyuma.

Namna ya kufunga ni hivi. Utandaze mnyororo chini kwanza uhakikishe haukusokoteka. Uutupe juu ya tairi, na midomo ya zile kulabu ndogo itazame nje, isielekee mpira. Ikielekea ndani inachimba tairi, na hilo ndilo kosa langu la usiku ule. Sogeza gari kidogo mpaka ncha zikutane. Funga upande wa ndani mwanzo, maana ndiko kugumu kufikia, kisha wa nje, ukaze kwa ufunguo wake, halafu uweke ule mpira wa kuvutia ili usilegee. Endesha mwendo mfupi tu, usimame, ukaze tena. Watu huacha hili la mwisho kwa sababu wamechoka na wanataka kurudi kwenye joto. Mnyororo uliolegea hupiga chini ya gari, na ukikatika unaweza kung'oa mipira ya breki.

Huvishwa tairi zinazovuta gari. Kwenye lori ni zile za difu. Kwenye gari ndogo nyingi za kule ni za mbele, lakini soma kitabu cha gari yako, maana zipo ambazo nafasi ya tairi ni ndogo na mtengenezaji amekataza. Kipimo cha mnyororo kifuate namba za tairi zilizoandikwa ubavuni. Usipunguze upepo ili ukuenee.

Ukishafunga, mwendo usizidi maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48. Breki ya injini, ile inayopunguza mwendo kwa nguvu ya injini yenyewe, izime panapoteleza. Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu baridi huyapiga juu na chini. Na ikiwa kufunga kwenyewe kunakutia khofu kwa hali unayoiona, egesha ulale. Mzigo utafika kesho. Mwenye kampuni akikupigia kelele, si yeye atakayekuwa ndani ya gari ikiteleza.

Hapa nyumbani nimeweka tairi kuukuu la lori na pea moja ya minyororo niliyorudi nayo. Mwanafunzi wangu hufunga mchana mara kumi. Halafu namwekea ndoo ya barafu ya samaki, anatia mikono mpaka vidole viwe vigumu, anavaa glavu, anafumba macho, anafunga tena. Wengine huona ni mateso. Lakini vidole vikishaijua kazi, kichwa hubaki na nafasi ya kutazama magari yanayokupita.

Ukifika kwenye lami kavu, fungua mara moja, kwani lami huila minyororo na minyororo huila lami. Jioni ioshe kwa maji matamu uianike. Kule barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuambiwa chumvi inaufanya nini chuma. Mimi nipo barzani kila siku baada ya alasiri. Njoo na glavu zako.