Kabla hujairudisha Mutter dukani

Mkuu, hiyo sidii usiirudishe. Umeuliza kama Mutter (yaani "Mama"), albamu ya Rammstein, bendi ya roki nzito ya Ujerumani, inamfaa anayeanza kuwasikiliza. Halafu mwishoni ukaandika kwamba kesho unairudisha, kwa sababu wadau hapo juu wamekwambia ni muziki wa Manazi na kwamba wimbo uliobeba jina la albamu unamtukana mama. Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Komenti hizo hizo ndizo zilizoniponza mimi mwaka 2004.

Nilikuwa mwanafunzi Leipzig, Ujerumani, Kijerumani changu cha kununulia mkate tu. Nilipanga nyumba moja na Mjerumani aliyenizidi umri kidogo, aliyekulia Ujerumani Mashariki kabla ukuta wa Berlin haujaanguka. Tulikuwa tunapika pamoja. Nilipougua homa wiki nzima, yeye ndiye aliyenichemshia supu. Siku moja akanikatia tiketi ya shoo ya Rammstein kwa hela yake mwenyewe, akanipa na sidii yake ya Mutter nijiandae.

Nikasikiliza nyimbo mbili tu. Wa pili ni Links 2 3 4, na unaanza na vishindo vya buti, watu wanatembea kwa kuhesabu hatua, kisha inaingia sauti ya mwimbaji wao Till Lindemann, nzito, inayoitetemesha ile r kwa ncha ya ulimi. Sasa nielewe. Mimi ni mtu mweusi, mgeni, niko Saxony, jimbo lenye mji wa Leipzig, na Septemba ya mwaka huo huo chama cha NPD, cha mrengo mkali wa kulia, kilikuwa kimepata zaidi ya asilimia 9 ya kura na kuingia bunge la jimbo. Zile buti zilinigonga tumboni. Hofu yangu haikuwa ya kubuni.

Kosa langu ni nilikokwenda kuuliza. Kulikuwa na kaka mmoja wa nyumbani aliyetutangulia huko miaka mingi, kila mgeni alipelekwa kwake. Akaniambia bila kusita: hayo ni magwaride ya Hitler, hao jamaa ni wabaguzi, na huyo mwenzako anakupima. Akanionyesha kurasa za maoni ya wasikilizaji, zote kwa Kiingereza, watu wa mbali wanaandika kwamba huhitaji kuelewa maneno, sauti inatosha kukuambia. Na mimi nikaamini. Jioni ile, mbele ya wageni wake wanne, nikaiweka tiketi mezani nikamwita Nazi.

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Umesoma maneno?" Mwisho wa mwezi akahama.

Maneno niliyasoma miezi minne baadaye, kwa kamusi, mstari kwa mstari. Links maana yake kushoto. Wajerumani wana msemo kwamba mtu mwema moyo wake uko mahali pake, ila neno wanalotumia kwa "pake" ndilo hilo hilo la "kulia". Wimbo unalichezea neno hilo: wanataka moyo wangu uwe kulia, nikitazama chini naukuta unapiga kushoto. Ni jibu la bendi kwa waliowaita Manazi, hasa baada ya video yao ya 1998 iliyotumia picha za Leni Riefenstahl, mtengeneza filamu wa enzi za Hitler, za Olimpiki ya Berlin ya 1936. Kwa ile video waliostahili kulaumiwa walilaumiwa, siwatetei. Lakini wimbo huu unasema wazi moyo uko upande gani. Na ile hesabu ya kushoto, mbili, tatu inatoka kwenye wimbo wa wafanyakazi wa mshairi Bertolt Brecht na mtunzi wa muziki Hanns Eisler uliopinga ufashisti, ambao watoto wa Ujerumani Mashariki waliuimba shuleni. Wanabendi wote sita wamekulia huko. Mwenzangu pia. Yaani nilimwita Nazi kwa wimbo uliomkumbusha darasa lake la utotoni.

Yule kaka nilimfuata. Akakiri kwamba hajawahi kuisikiliza albamu yenyewe. Mtu anakuvunjia undugu na aliyekuuguza, kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hajakisikia! Na hao wanaokujibu hapo juu kwa kujiamini hivyo, waulize: neno gani, mstari wa ngapi? Hakuna hata mmoja aliyenukuu.

Kuhusu Mutter, wimbo wenyewe: ndiyo, una laana kali kwa mama, sikufichi. Lakini anayelaani ni kiumbe asiyezaliwa na mtu, hana kitovu, hakunyonya, na mwishoni anaomba apewe nguvu. Ukisikia "Mutter" inavyorudiwa pale, utajua ni mtoto anayemwita mama asiyekuwepo. Anayeita hilo tusi amesoma mstari mmoja akaacha mingine.

Wapo pia wanaolalamika kwamba vinanda na ile okestra vimelainisha chuma cha albamu mbili za mwanzo. Hilo ni suala la masikio, bishaneni. Mimi Mein Herz brennt, ule wimbo wa kwanza, bila zile fidla siutaki.

Kwa hiyo leo usiku fungua maneno ya Kijerumani, pembeni weka kamusi, si tafsiri ya mtu, usikilize nyimbo zote 11 kwa mpangilio wake, na komenti za wadau, hata hii yangu, uzifunge hadi umalize Nebel, wimbo wa mwisho. Wa saba ni Spieluhr, mtoto aliyezikwa akiwa hai na sanduku lake la muziki. Sauti ya mtoto utakayoisikia ni ya Khira, binti wa mpiga gitaa Richard Kruspe. Mimi niliisikia mara ya kwanza nyumba ikiwa tupu, kwenye sidii ile ile, ambayo mwenzangu aliiacha juu ya friji siku aliyohama.