Vijana wapeni ungo wa dagaa, msiwape maboksi

Ukiendesha programu ya vijana hapa Mwanza, utashawishika kuagiza chakula kwa mama lishe. Kinakuja kwenye maboksi, kila mtu anabeba lake na kwenda kulia pembeni na simu yake. Ni rahisi, na risiti ya kumpelekea mfadhili inapatikana. Lakini mkiniuliza mimi, nunueni dagaa.

Dagaa wanataka mikono. Wale wa kuanikwa chini huja na mchanga na vijiwe, hivyo kabla ya kuoshwa lazima wachambuliwe na vichwa vitolewe, na hapo simu inawekwa kando. Kwenye kikundi chetu cha Igoma, mengi ninayoyajua kuhusu vijana wetu nimeyasikia wakiwa wameuzunguka ungo: nani anadaiwa kodi ya chumba, nani hasalimiani na baba yake, nani anabeba mizigo alfajiri ndiyo maana anasinzia kwenye mada. Ukiwakalisha kwenye viti na kuwauliza changamoto zao, watakujibu neno moja tu: mtaji.

Dagaa tunawafuata soko la Mwaloni, Kirumba. Kabla ya kwenda, angalieni mwezi. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Wiki hizo pikeni maharage na mlenda, hakuna atakayekufa.

Ugali utaleta ubishi. Wengine watataka dona, wenzao wa Ukerewe watakuambia bila muhogo hawajala. Msiuamue ubishi huo, unachangamsha jiko kuliko mchezo wowote wa kufahamiana niliowahi kufundishwa semina.

Zamu ya kupika ibandikwe ukutani, wavulana wakiwemo. Akitokea wa kusema kwao mwanamume haingii jikoni, muulizeni kwenye kambi za uvuvi visiwani nani anasonga.

Mambo ya dini yapangeni mapema, kimyakimya. Kuku achinjwe na Mwislamu, wote watakula. Msabato msimpikie kambale. Samaki asiye na magamba kwake si chakula, na kumwambia "kula mchuzi tu" ni kumdhalilisha. Ramadhani sisi husogeza kikao jioni, tukafuturu pamoja.

Mchango uwe kitu, si hela: kikombe cha unga, kitunguu, mkaa kidogo. Asiye na kitu achote maji, na asitangazwe.

Kisha pakueni kwenye masinia, mchanganye watu, maana mkiwaachia wachague watakaa mtaa kwa mtaa. Na mle kabla ya mada. Wapo waliotoka nyumbani bila hata chai, hao huwezi kuwafundisha ujasiriamali saa nane mchana.

Vyombo navyo vioshwe hapohapo, kiongozi akiwa mmoja wa waoshaji. Mkisema vitaoshwa baadaye, wataachiwa wasichana.