Wenzangu ofisini wanatoka kijani na wamepauka, nitumie programu gani?

SWALI: Habari za kazi. Niko kitengo cha mawasiliano kwenye ofisi moja Mtumba, hapa Dodoma, na nimepewa jukumu la kupiga picha za wafanyakazi wote ziwekwe kwenye tovuti. Natumia kamera ya ofisi yenye lenzi ya 18-55, mara nyingine simu. Mtu anatoka shavu moja kijani, lingine bluu. Wenzangu weusi sana wanatoka wamepauka, na wale weupe wanakuwa wekundu. Halafu kila mtu anasimama wima, mikono mbele, kama yuko gwaride. Naomba jina la programu itakayonirekebishia.

JIBU: Salama, ndugu yangu. Programu nitakutajia, lakini hakuna programu inayoweza kutenganisha vizuri mianga miwili iliyokwisha kugongana usoni. Hapo ndipo tatizo lako lilipo. Taa za tyubu zina ukijani ndani yake, na mwanga wa dirishani una ubluu ukilinganisha nao. Kamera inachagua mmoja iuhesabu kuwa mweupe. Ule mwingine unabaki na rangi yake juu ya shavu. Ukiondoa kijani upande huu, upande ule unageuka zambarau.

Kwa hiyo anza na swichi ya ukutani: zima taa. Kisha angalia dirisha lenyewe. Majengo mengi ya ofisi siku hizi yana vioo vya rangi, na kioo cha kijani au bluu kinapaka uso rangi hiyohiyo. Fungua dirisha, mwanga uingie bila kupita kwenye kioo. Mweke mtu wako kama mita moja kutoka hapo, mwanga umjie kwa pembeni mbele, na upande wa pili mwombe mwenzako ashike karatasi ya manila nyeupe ili irudishe mwanga kidogo kwenye shavu la kivulini. Manila hiyo itakusaidia kuliko flashi iliyo juu ya kamera, ambayo inapiga uso bapa na kuwasha jasho la paji la uso.

Kama chumba hakina dirisha la maana, basi fanya kinyume: funga mapazia, bakia na tyubu peke yake. Hapo weka spidi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) iwe 1/100 au 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na tyubu nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa spidi kubwa utaona mistari ya giza au rangi imekatiza picha.

Kila unapohamisha kituo, mpe mtu wa kwanza kadi ya kijivu aishike karibu na uso, upige picha moja. Hiyo ndiyo utakayoitumia kupanga WB, yaani kuiambia kamera nyeupe halisi ni ipi, ama kwenye kamera ama baadaye kwenye kompyuta. Karatasi ya A4 inaweza kukuokoa, ila nyingi zimetiwa kemikali ya kuzing'arisha inayoleta ubluu, na ukiifuata sana nyuso zitaelemea njano.

Sasa hao waliopauka. Kamera inapima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inapunguza mwanga kwa sababu ya ukuta, uso unazama gizani. Baadaye unauinua kwa programu, na kinachopanda ni chenga na ukijivu. Upimie usoni, siyo ukutani. Ongeza mwanga kwa kitufe cha +/- kidogokidogo mpaka uone mng'ao kwenye paji na juu ya shavu bado una ngozi ndani yake, haujageuka doa jeupe. Ukimkaribia uso ukajaa fremu, kosa linageuka: kamera inamzidishia mwanga, anafifia. Hapo punguza. Na kama ni picha ya wawili, mmoja mweusi na mwingine maji ya kunde, yule mweusi ndiye akae karibu na dirisha.

Nje ya ofisi ni vizuri pia, lakini jua la Dodoma saa sita linakaa karibu utosini na macho yanakuwa mashimo. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, au simama kwenye baraza upande wa kivuli. Angalia chini: udongo wetu mwekundu unarusha rangi ya chungwa chini ya kidevu, na chini ya mwarobaini majani yanaleta kijani. Pevingi za kijivu ni rafiki wa ngozi zote.

Programu: Lightroom ya simu inatosha. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipangia rangi, panga WB kwanza, kisha mwanga, ndipo uguse rangi. Kwa wale wanaotoka wekundu, punguza ukolezi wa nyekundu peke yake, na linganisha uso na shingo na mikono. Ila nakuomba kwa dhati, usimweupishe mtu. Zima ile sehemu ya urembo ya simu, maana nyingi zinasugua ngozi na kuing'arisha bila kuulizwa. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipanga rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi kama zetu zikalipa gharama. Leo vifaa tunavyo, mwenzako aonekane kwa rangi yake.

Kuhusu pozi, ugumu unaanzia miguuni. Mwambie ageuze kiwiliwili kidogo kuelekea dirishani, uzito auweke mguu wa nyuma, kisha akurudishie uso. Mikono ipe kazi: faili, kikombe, ukingo wa meza. Kidevu kisogee mbele kidogo halafu kishuke nukta moja; mwonyeshe kwa kufanya wewe mwenyewe, usimguse, hasa akiwa mkubwa wako. "Mzee, naomba uegemee hapo kidogo" inatosha. Ukimsalimia mzee wa Kigogo "mbukwenyi," piga wakati anaitikia, maana mabega yanashuka yenyewe. Wanaovaa hijabu, kagua ukingo wake usitupe kivuli kwenye paji.

Lenzi yako ivute hadi 55 na urudi nyuma kama mita mbili; kwenye simu tumia 2x. Ukisogea karibu na lenzi pana, pua inakua na masikio yanakimbia. Mwenye miwani akiakisi dirisha, inua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio ili vioo viiname chini, na mng'ao utatoka.